Andika Nyuma Yake: Hotuba Kuhusu Vitu Vinavyotupwa

(Maneno haya yalisemwa Mtwara Mjini mbele ya walimu, wanafunzi wa sekondari na wazee wa mitaa. Yamepangwa kidogo tu ili yasomeke.)

Wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, na akina mama mliofunga biashara mapema ili mfike hapa, assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Nimeitwa nizungumzie historia ya kusini. Magofu na vita tumeshavisikia mara nyingi, kwa hiyo leo naanzia mifukoni mwenu. Kila aliyeko humu akitia mkono mfukoni au kwenye mkoba hakosi kitu cha kutupwa: risiti ya duka la dawa, tiketi ya basi, kadi ya mchango wa harusi, kipande cha daftari chenye namba ya simu, pakiti ya biskuti. Kesho vyote viko jalalani. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kutupa tuchague vichache tuviweke, na kila tunachokiweka tuandike nyuma yake watu walikiitaje, kilitumika wapi, mwaka gani, na nani alikitumia. Bila maandishi hayo, kitu ulichokihifadhi ni takataka iliyochelewa kutupwa.

Mfano wa kwanza ni wa nyumbani. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Zilikuwa sarafu ndogo za matumizi ya kila siku. Upande mmoja zina jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na maneno ya pande hizo mbili yana vina vinavyolingana. Sasa sikilizeni zilikofika. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa jeshi la anga la Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi ile. Akaokota ufukweni sarafu chache kuukuu, akazitia kwenye kopo, maisha yakaendelea. Mwaka 1979 alizituma kwa wataalamu, na wao wakamwambia kwamba nne ni za Kiholanzi na tano ni za Kilwa. Jinsi zilivyovuka bahari yote ile wanabishana mpaka leo. Lakini mimi nataka mkumbuke jambo moja alilolifanya Isenberg, nalo ni kutia alama ya X kwenye ramani kuonyesha mahali alipoziokota. Watafiti walipokwenda kutafuta mwaka 2013, waliifuata alama ile. Bila X ile tungekuwa na shaba tano za mtu fulani kwenye kopo. Zingeweza kuwa zimenunuliwa mnadani Zanzibar, zingeweza kuwa zawadi ya baharia, na hakuna ambaye angepanda mashua kwa ajili yake.

Wanafunzi mnaweza kudhani sarafu zina heshima yake kwa kuwa ni chuma na ni za masultani, na kwamba karatasi ni jambo jingine. Basi twende Misri. Wataalamu waliofukua miji ya kale ya huko walipata mafunjo mengi, yaani karatasi za kale zilizotengenezwa kwa mmea wa jina hilo, kwenye majalala ya miji hiyo: risiti za kodi, barua za kudai mkopo, mialiko ya karamu. Waliyatupa wenyewe, mchanga mkavu ukayatunza. Kijana mmoja wa Kiingereza, John Johnson, alifanya kazi hiyo ya kufukua na kusoma mafunjo. Baadaye akawa mkuu wa uchapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford, na swali likawa linamkereketa: ikiwa takataka za Wamisri wa kale ni hazina, za kwetu je? Akaanza kukusanya matangazo ya maduka, lebo za chupa, tiketi, ratiba, kadi za salamu. Wakubwa wenzake walimwona anapoteza muda. Tangu 1968 mkusanyo wake uko katika Maktaba ya Bodleian, Oxford, na una vipande zaidi ya milioni moja. Mwaka 1975 Maurice Rickards akaanzisha London chama cha watu wanaoshughulikia vitu vya namna hii. Wao wanaviita kwa neno lenye asili ya Kigiriki, efemera, yaani kitu kinachodumu siku moja. Na ndani yake kila kundi lina jina lake: wa stempu wana lao, wa kadi za posta lao, wa lebo za viberiti lao.

Sisi vyote tunaviita makorokoro. Mtu akishasema “toeni makorokoro hayo”, ufagio umeshafika. Mimi nasema vitu vya siku moja, na atakayeleta jina zuri zaidi tutalipokea.

Kuna wanaosema kuweka karatasi ni tabia ya kigeni. Sikubaliani nao. Katika Cairo ya kale, kwenye sinagogi la Ben Ezra, kulikuwa na chumba cha kutumbukizia karatasi zilizochakaa, kwa sababu karatasi inayoweza kuwa na jina la Mungu haitupwi. Mwishoni mwa karne ya 19 msomi Solomon Schechter akachukua humo vipande karibu laki mbili na kuvipeleka Cambridge. Mlikuwa na vitabu vya dini, ndiyo, na pia mikataba ya ndoa, orodha za bidhaa, na barua za wafanyabiashara waliokuwa wakienda India kwa bahari hii hii yetu. Mengi tunayoyajua leo kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi ya karne ya 11 na ya 12 yametoka kwenye chumba kile.

Nani hapa aliyesoma madrasa asiyeijua adabu hiyo? Ukurasa wa juzuu ukichanika haukanyagwi. Unaokotwa, unabusiwa, unawekwa mahali pa juu, na ukishachakaa kabisa unachomwa au unafukiwa mahali safi, au unatoswa baharini. Watu wa pwani tumeiheshimu karatasi tangu zamani. Sisemi dini ibadilishwe, Mungu apishe mbali. Nasema heshima ile tuliyoifundishwa na mwalimu wa madrasa, robo yake tu, tuipe stakabadhi ya babu.

Sasa nizungumze nanyi wanafunzi. Mtwara ilikuwa na treni. Naona wengine mnatazamana. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, sehemu za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikajengwa bandari hii mnayoiona, yenye kina cha kupokea meli kubwa, na reli ikatoka bandarini kwenda bara. Mradi ukaanguka mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya paundi milioni 30. Bandari ikabaki. Reli ikahangaika miaka michache, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vikang’olewa.

Reli yoyote duniani ina karatasi zake: tiketi, ratiba, stakabadhi za mizigo, kadi za vibarua. Nimeuliza Chikongola, nimeuliza Ligula, nimeuliza Mikindani. Nimeonyeshwa vipande vya chuma cha reli vilivyogeuzwa nguzo, lakini karatasi ya treni ile sijaonyeshwa hata moja katika nyumba ya mtu wa hapa. Urefu wa reli na gharama yake mtavikuta vitabuni. Ila nauli ya mtu wa daraja la chini, mzigo wa mihogo ulilipiwaje, kibarua wa Kimakua aliandikwa kwa jina gani kwenye kadi yake, mambo hayo yalikuwa kwenye karatasi ambazo ziliwashia moto wa jikoni. Hili linaniuma, wala sifichi.

Tena linaniuma zaidi ninapotazama vilivyowekwa. Mlima Tendaguru uko Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria. Mamia ya watu wa huku walichimba na kubeba, wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani, na mifupa zaidi ya tani 200 ikashuka kwa vichwa na mabega ya watu mpaka bandari ya Lindi. Kiunzi kirefu kilichosimamishwa Berlin kina zaidi ya mita 13. Kule Tendaguru mashimo yalipewa herufi na mifupa ikapewa alama, ndiyo maana mpaka leo mtaalamu anaweza kusema mfupa huu umetoka shimo lile. Wale waliobeba nao walikuwa na majina. Walilipwa, waliandikiwa, walipewa chakula kwa kipimo. Ingekuwa kila ukoo uliotoa mbebaji umeweka kijikaratasi kimoja chenye maandishi nyuma, leo Wamwera, wenyeji wa huko, wangeuingia mjadala wa mifupa ile kurudishwa au kubaki wakiwa na ushahidi mkononi.

Au mchukueni Machemba, mtawala wa Kiyao wa uwanda wa juu wa Makonde. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, kamishna wa serikali ya Kijerumani, alimtaka aende pwani kutii amri. Machemba akamjibu kwa barua ya Kiswahili kwamba haoni sababu ya kumtii. Barua ile inasomwa hadi leo, kwa sababu aliyeipokea alikuwa na faili. Zile alizopokea Machemba ziko wapi? Ndivyo historia yetu ya maandishi ilivyo kwa sehemu kubwa: tuliyoyaandika sisi yako kwao, waliyotuandikia wao hatunayo.

Na vinyago? Kinyago cha lipiko kinachongwa kwa ajili ya ngoma ya jando. Kazi yake ni siku zile za ngoma. Wakusanyaji wakavipenda, vikaenda Ulaya, na kwenye makumbusho mengi utakuta kibao kinasema “Wamakonde” halafu basi. Jina la mchongaji hakuna. Kijiji hakuna. Ngoma ya mwaka gani, hakuna. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, na miongoni mwa walivyoiba kilikuwamo kinyago cha Kimakonde. Kikaja kuonekana Geneva, katika makumbusho ya Barbier-Mueller, na baada ya miaka mingi ya mazungumzo kikarudi Tanzania mwaka 2010. Kile kilikuwa na pa kuanzia kudaiwa, kwa kuwa kilishakuwa mali ya makumbusho. Kinyago kilichonunuliwa uani kwa mtu, bila kuandikwa popote, utakidai kwa maneno gani?

Naomba mtazame hiki nilichokishika. Walioko nyuma sogeeni. Ni stakabadhi ya chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ya msimu wa 2007/2008, msimu ambao mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho hapa mkoani: mkulima anakabidhi korosho, anapewa karatasi, na fedha inakuja baadaye kwa awamu. Hii ni nakala, imepigwa kwa kaboni, ndiyo maana herufi ni za buluu na zimevimba pembeni. Juu kuna namba na tarehe. Kuna jina la mkulima, idadi ya magunia, kilo, daraja. Chini kuna sahihi ya karani, na pembeni dole gumba la mkulima, limepigwa kwa nguvu mpaka wino umetambaa. Ukisoma upande huu unaisikia sauti ya chama.

Sasa nageuza. Nyuma kuna penseli. Mtu amepiga hesabu kwa haraka, na safu ya kwanza inasema “salfa”, kwa sababu mikorosho isipopulizwa salfa ubwiri unga unakausha maua, na salfa hununuliwa kwa deni. Halafu “bati”. Halafu “ada”, na jina la mtoto. Halafu neno “duka” na kiasi kilichokatwa kwa mstari mara mbili. Chini kabisa kuna jumla, na jumla hiyo imezidi malipo ya kwanza. Hakuna ripoti ya wizara itakayokueleza jambo hilo. Familia nzima ilikaa kwenye mkeka ikagawana fedha ambayo bado haijaja, ikaona haitoshi, ikaanza kukata. Bati hazikukatwa. Ada haikukatwa. Lililokatwa ni deni la duka, nadhani wakijua mwenye duka atasubiri.

Na aliyeuza kwa kangomba? Yeye hakuandikiwa kitu. Alipeleka korosho kwa mtu usiku, kabla ya msimu, akapewa fedha ya shida iliyomkabili, basi. Kwa hiyo katika boksi la karatasi za korosho, nyumba isiyokuwa na stakabadhi nayo inatuambia jambo, ilimradi mtu aliandika kwamba mwaka ule tuliuza kwa kangomba kwa sababu mama alikuwa amelazwa. Mnakumbuka Novemba 2018, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kusomba. Mliosimama foleni za uhakiki mlipewa karatasi. Ziko wapi? Hizo ni historia ya nchi. Ziandikeni nyuma leo, kabla aliyesimama kwenye foleni ile hajasahau alisimama siku ngapi.

Nimesema tuandike jina ambalo watu walikiita kitu. Hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo linalosahaulika haraka kuliko kitu chenyewe. Mfuko wa plastiki wenye mikono, dukani tulikuwa tukisema “nitilie kwenye rambo”. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ile ikapigwa marufuku. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule anasoma shule sasa, na ukimtuma akalete rambo hatakuelewa. Mtafiti wa baadaye akikuta mfuko umeandikwa chapa ya kiwanda, ataunakili jina la kiwanda kwa uaminifu, na hatajua kwamba nchi nzima iliuita kwa jina la mpiganaji wa kwenye sinema, kwa kuwa mifuko ya kwanza ilikuwa na picha yake. Jina hilo halikuchapishwa popote. Lilikuwa mdomoni tu.

Pombe ya kiroba nayo imekwenda hivyo hivyo, ilipigwa marufuku Machi 2017. Wazee wanakumbuka unga wa Yanga, ule wa njano wa msaada wa miaka ya njaa, ulioitwa hivyo kwa rangi ya klabu. Katambuga za tairi bado zinaonekana mashambani. Koroboi bado ipo vijijini, lakini umeme wa sola unaifukuza. Wanafunzi, koroboi ni taa ya kopo la maziwa au la dawa, utambi wa kitambaa, mafuta ya taa, na moshi wake uliweka doa jeusi ukutani ambalo nyumba nyingi zinalo mpaka leo. Debe lilikuwa kopo la mafuta, likageuka kipimo cha nafaka, sasa ndoo ya plastiki inaitwa debe. Hata hela, neno mnalolitumia kutwa, ilikuwa sarafu halisi ya Wajerumani iliyoanza kutumika 1904, mia moja zikifanya rupia moja. Wakati wa Vita ya Kwanza, meli za Waingereza zilipofunga pwani, Wajerumani waliishiwa noti, wakaanza kuchapa za dharura hapa hapa nchini kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Ulaya leo zinanunuliwa na wakusanyaji kwa bei nzuri. Huku kwetu vita vilipokwisha zilikuwa karatasi tupu, na mtu aliyekuwa amezificha darini alipata hasara bila kujua amshitaki nani.

Vocha ya kukwangua je? Vijana wa miaka 16 hapa, mmewahi kukwangua vocha ya jero? Mikono michache. Ukikwangua kwa sarafu unatoka unga wa kijivu unaobaki kwenye ukucha, na ukikwangua kwa pupa unafuta namba, unarudi kwa muuza duka kugombana. Kadi zilizotumika zilizagaa stendi nzima. Huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008 watu wakaanza taratibu kujinunulia muda wa maongezi kwenye simu, na kadi zikapungua mpaka zimekuwa za kutafuta. Ningependa shule moja tu ya mkoa huu iwe na kadi kumi, za miaka tofauti, zimebandikwa kwenye karatasi ngumu, na chini ya kila moja mtoto ameandika aliyoyasikia kwa mama yake.

Tiketi za basi za kwenda Dar es Salaam nitazitaja kwa ufupi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, masika yakiingia safari ile ilikuwa ya kulala njiani, wakati mwingine siku nyingi. Tiketi inasema tarehe ya kuondoka tu. Mwenye tiketi ya miaka hiyo aandike nyuma tulifika lini, tulikwama wapi, tulikula nini.

Kadi za michango ya harusi nazo msizidharau. Ndani yake kuna jina la mwenyekiti wa kamati, mweka hazina, ukumbi, na mahali pa kuandika ahadi. Kwenye kadi ya kuingilia imeandikwa single au double, na kila mtu anajua tofauti ya bei. Ukiziweka za miaka ishirini kwa kufuatana utaona ukumbi wa shule ukibadilika kuwa hoteli, utaona namba za simu zikiongezeka, utaona siku zilipoanza kutajwa sare. Siku hizi kadi inakuja kwa WhatsApp, simu ikiharibika imekwenda nayo. Na kanga za mikutano na za ziara za viongozi mnazo, akina mama, najua. Nyingine mmezifanya madekio. Basi hiyo iliyobaki bila kutoboka msiifanye dekio.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inashughulikia kumbukumbu za serikali, kwa mujibu wa sheria ya 2002. Haiwezi kuja nyumbani kwako kuchukua kadi ya harusi. Kazi hiyo ni ya kwetu, na haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kujua vinavyoua karatasi katika hewa hii ya chumvi na unyevu.

Andikeni kwa penseli laini, si kalamu, maana wino unapenya na unakimbia ukipata maji. Msibane kwa pini wala stepla za chuma, hapa pwani zinashika kutu msimu mmoja na kutu linakula karatasi. Selotepu ni adui: inakauka, inadondoka, gundi yake inabaki doa la kahawia. Tumieni bahasha za kaki, boksi la kadibodi, na boksi liwekwe juu ya kabati, mbali na ukuta na sakafu, kwa sababu ya mchwa. Mfuko wa plastiki uliofungwa unatoa jasho. Lifungueni boksi kila baada ya masika, mtazame mende.

Risiti za mashine za kodi, hizi zilizoanza mwaka 2010, zinanidai maneno yake peke yake. Hazina wino. Karatasi yenyewe ina kemikali inayogeuka nyeusi kwa joto, na baada ya miaka michache maandishi yanafifia, ukiiacha juani yanafifia haraka zaidi. Watu wenye nia njema wanazipeleka stesheneri ziwekewe lamination, na joto la mashine linaifanya risiti nzima kuwa nyeusi palepale. Nimeona mama mmoja akilia mbele ya kaunta kwa risiti ya kwanza ya duka lake. Risiti ya aina hii toeni fotokopi siku hiyo hiyo, muiweke fotokopi pamoja na yenyewe. Piga picha kwa simu pia, pande zote mbili, halafu picha hiyo mtumie ndugu aliye mkoa mwingine.

Kuna mambo ya kuheshimu. Barua ya mtu ina siri ya mtu, usiipeleke shuleni kabla wenyewe hawajakubali. Vitu vya unyago na vya jando vina wenyewe, na baadhi havitakiwi kuonekana na kila jicho. Kwa hivyo ulizeni wahusika kwanza, na wakikataa iwe mwisho. Mabango na vipeperushi vya siku za gesi, tangu maandamano ya Desemba 2012 ya kupinga gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam, najua vimo kwenye nyumba nyingine na watu wanaogopa kuvitaja. Sitawaomba mvitoe hadharani. Naomba tu msivichome. Andikeni nyuma tarehe na mtaa, mfunge bahasha, muwaachie watoto waje waamue. Na mnunuzi wa vitu vya kale akija mlangoni, akakuta ndonya ya bibi, lile pambo la mdomo wa juu, au sarafu yenye tundu, akatoa noti mbele ya macho yako, jibu lako la kwanza liwe “njoo kesho”. Usiku huo kaa na bibi, mwulize, andika. Ukishaandika, kuuza au kutokuuza ni hiari yako.

Tunao muda kabla ya adhuhuri. Kwenye meza ile kuna penseli, bahasha za kaki na boksi moja tupu. Wanafunzi wa kidato cha tatu watakaa wawili wawili, kila jozi na mzee mmoja. Mzee atoe kitu chochote alichonacho mfukoni au alichokuja nacho, mmoja amwulize, mwingine aandike. Msimrekebishe Kiswahili chake. Akikiita kitu kwa Kimakonde, kwa Kimwera au kwa Kiyao, andikeni hivyo hivyo alivyotamka, na chini yake andikeni kijiji chake. Asanteni sana. Mzee wa Shangani uliyesema una kitabu cha kodi ya kichwa cha baba yako, naomba tuanze na wewe.